Kuacha mshahara wa kompani Lubumbashi: hesabu ya makuta yaliyo njiani

Wengi wanaotaka kuacha kazi ya kompani na kufungua yao huanza na swali moja: niwe na mtaji kiasi gani? Wanajumlisha bei ya mashine, lokasyo ya atelie, karatasi za serikali, kisha wanaandika barua ya kuaga. Hesabu hiyo imeacha kitu kizito kuliko vyote. Huku kwetu mteja mkubwa ni mgodi, ama kompani inayoutumikia mgodi, na mteja wa namna hiyo analipa baada ya miezi. Biashara changa hufa hapa ikiwa na kazi mkononi, kwa sababu makuta (pesa) ya kazi ya kwanza hayajafika na ya pili inadai chuma.

Tuchukue sudere (fundi wa kuchomea chuma) mwenye ujuzi anayefungua atelie Kampemba. Anapata bono ya komande (karatasi ya oda) ya dola 6,000 kwa ngazi za chuma na vizuizi vyake. Yeye mwenyewe atatumia tole na kornieri, bageti, diski za kukatia, oksijeni, mazutu ya grupe kwa saa ambazo umeme wa SNEL haupo, posho ya wasaidizi, na gari la kupeleka mzigo. Tuseme yote ni 4,200. Kwenye karatasi amepata faida ya 1,800.

Sasa fuata siku zenyewe. Amesaini siku ya 1, amenunua chuma siku ya 5, amemaliza siku ya 25, amepeleka siku ya 28, ameweka fakture (ankara) siku ya 32. Mkataba unasema siku 60. Hizo siku 60 zinahesabiwa tangu fakture ilipopokelewa na kugongwa muhuri, wala hazianzii siku kazi ilipoisha. Kwa hiyo malipo yanakuja siku ya 92, kama hakuna aliyechelewa. Kufikia hapo amekwisha pata komande ya pili na ya tatu, zote za ukubwa uleule, na hakuna aliyemwambia azikatae. Ametoa 4,200 mara tatu, yaani 12,600, kabla hajapokea hata dola moja.

Dawa ya kwanza iko ndani ya sheria, na inanisikitisha kuona watu wakiiogopa. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, ile inayosimamiwa na ARSP (mamlaka ya serikali ya ukandarasi mdogo), inaitaka kompani kuu ilipe akonti (malipo ya awali) ya angalau asilimia 30 kabla kazi haijaanza. Kwa komande yetu ni dola 1,800. Mfuko wako unabaki kutoa 2,400 kila mara, na mara tatu ni 7,200. Tofauti ya 12,600 na 7,200 ndiyo inayoamua nani atafika mwezi wa nne. Akonti iandikwe tangu kwenye profoma (karatasi ya bei unayompa mteja kabla ya oda), pamoja na muda wa kutoa bei na muda wa kupeleka. Ukiiomba baada ya bono kutoka, idara ya ununuzi itakwambia masharti yamekwisha fungwa.

Zile siku 60 nazo hurefuka kwa sababu ndogo sana. Fakture haikutaja nambari ya bono ya komande. Jina lililo kwenye fakture halilingani herufi kwa herufi na lile la RCCM (daftari la usajili wa biashara). Bono ya livrezo (karatasi ya kupeleka mzigo) imesainiwa na mlinzi wa lango, siyo na mtu wa depo mwenye ruhusa. Bei imezidi ile ya bono kwa dola chache kwa sababu usafiri uliongezeka njiani. Kila kosa kama hilo linairudisha fakture mwanzo, na siku zinahesabiwa upya. Peleka nakala mbili, rudi na moja yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila karatasi hiyo huna cha kudai.

Kuna wanaoziba pengo kwa banki lamberi (wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali). Piga hesabu kwanza. Tuseme umekopa 2,400 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu riba ni 1,440. Katika ile faida ya 1,800 umebakiwa na 360, na malipo yakichelewa mwezi wa nne umefanya kazi kwa hasara. Kwa pengo dogo, likelemba (mchango wa zamu) ya watu mnaojuana ni afadhali mara nyingi, ila zamu yako ipangwe mapema iangukie mwezi wa pili au wa tatu, wakati pengo liko wazi zaidi.

Upande wa nyumbani watu wanahesabu chakula, lokasyo na minervali (ada ya shule). Wanasahau kwamba kwa sheria ya kazi ya Kongo mwajiri ndiye anayebeba matibabu ya mfanyakazi, bibi au bwana yake na watoto wake. Siku mkataba unapoisha, kadi ya hospitali inaisha pamoja nao. Malaria ya watoto wawili ndani ya wiki moja, ama mama kujifungua kwa kupasuliwa, hulipwa kutoka kwenye mfuko uleule uliopaswa kununua tole. Kwa hiyo makuta ya nyumba yatenge kabisa na ya atelie, miezi sita, matibabu yakiwa ndani. Nyumba inayotumia dola 650 kwa mwezi inadai 3,900. Ukijumlisha na 7,200 unafika 11,100, na bado hujanunua hata posti ya kusudia (mashine ya kuchomea chuma). Kama huna hizo, usiache ndoto, punguza ukubwa wa komande: anza na milango na madirisha ya watu wanaojenga Ruashi na Kalebuka, ambao hutoa nusu mbele na kumaliza siku ya kuchukua. Faida yake ni ndogo lakini inarudi haraka, na ndiyo inayolisha atelie wakati fakture ya mgodi inangoja.

Sasa kuondoka kwenyewe. Preavi (taarifa ya mapema ya kuacha au kuachisha kazi) imewekwa na sheria ya kazi ya mwaka 2002. Mwajiri akikuachisha anatoa siku za kazi 14, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumikia. Wewe ukiondoka kwa hiari yako unatoa nusu ya hizo. Aliyefanya miaka 6: 14 na 42 ni 56, nusu ni siku 28 za kazi. Ukiondoka bila kuzitumikia, kompani ina haki ya kuzidai, na utaziona zimekatwa kwenye dekonti finali (hesabu ya mwisho ya malipo yako), yaani kwenye makuta uliyokuwa unayategemea. Dekonti hiyo iwe na mshahara wa siku ulizofanya na likizo ambayo hukuichukua. Omba pia cheti cha kazi chenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Banki na wateja watakiuliza.

Soma mkataba wako wa zamani kipengele kwa kipengele ukitafuta katazo la kushindana na mwajiri. Kwa kawaida sheria inalifuta katazo la namna hiyo. Lakini linapata nguvu hasa pale mfanyakazi anapoacha kazi mwenyewe bila kosa zito la mwajiri, ikiwa anajua wateja au siri za kazi kiasi cha kuweza kumdhuru vibaya. Hata hapo linahusu kazi ileile uliyokuwa unaifanya, na halizidi mwaka 1. Na wakati ungali ndani, usimuuzie mwajiri wako kitu chochote kwa kompani ya jina la shemeji. Likijulikana linaweza kuhesabiwa kosa zito, na hapo unaondoka bila preavi.

Karatasi zenyewe ndizo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gishe Unike (ofisi moja ya serikali ya kuandikisha biashara) inakupa RCCM, nambari ya utambulisho wa taifa na nambari ya kodi kwa pamoja. Kwa sheria za OHADA (sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika) mtu mmoja anaweza kufungua SARL (kompani ambayo deni lake linabaki lake) peke yake, na kwa anayetaka kutumikia migodi ndiyo ninayoishauri: ukiandikisha biashara kwa jina lako binafsi, deni la atelie linaweza kuifuata nyumba yako ya Katuba.

Kwenye kodi, angalia kiwango cha mauzo kinachokuingiza kwenye TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ambacho ni franga milioni 80 kwa mwaka. Komande moja ya dola 6,000 kila mwezi inafanya 72,000 kwa mwaka, na hapo umekipita mbali. TVA ni asilimia 16, na inatangazwa si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa anayeuza bidhaa, glavu na buti kwa mfano, inadaiwa tangu siku ya kupeleka mzigo. Juu ya 6,000 ni dola 960 unazotakiwa kuzilipa wakati mteja bado hajakulipa. Unapunguza TVA uliyolipa kwenye manunuzi, lakini kwa fakture halali tu. Chuma kilichonunuliwa bila karatasi hakikupunguzii kitu. Ukiajiri, ongeza juu ya mishahara asilimia 13 ya mwajiri kwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na 3 kwa INPP (taasisi ya mafunzo ya ufundi), na uziweke kwenye bei tangu profoma ya kwanza.

Kabla ya siku ya mwisho nenda biro ya CNSS na nambari yako, uombe hesabu ya miezi iliyolipwa. Pensheni ya uzee inataka miezi 180. Mwenye miezi 170 ana sababu nzuri ya kungoja miezi 10 kabla ya kuandika barua. Mwenye 90 na aulize palepale masharti ya kuendelea kujilipia kwa hiari. Na ukikuta miezi ambayo kompani ilikata kwenye mshahara bila kuipeleka, idai ungali ndani, ukiwa na karatasi zako za malipo mkononi.