Hali ya giza haifai kila jicho

Wengi huamini kwamba programu ya mauzo au uhasibu ya kwenye kivinjari ikishawekewa hali ya giza, yaani maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, basi tayari inawafaa wenye shida ya kuona. Sivyo. Skrini ikiwa nyeusi, mboni hupanuka, na mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayofanya aone kwa ukungu) huona herufi nyeupe zikitawanya mwanga pembeni, hata 3 na 8 kwenye ankara zikakaribia kufanana. Huyo anasoma vizuri zaidi kwenye mandhari meupe. Mwenye mtoto wa jicho, au anayeumizwa na mwanga mkali, mara nyingi hupata nafuu kwenye hali ya giza.

Kinachopuuzwa zaidi, na kinaniuma, ni utofauti wa rangi. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yafikie angalau uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Chukua kiungo cha kubofya chenye bluu ya kawaida ya vivinjari, yenye msimbo wa rangi #0000EE. Juu ya nyeupe kina 9.4 kwa 1. Geuza mandharinyuma tu kuwa nyeusi, kinashuka hadi takriban 2.2, na karani anayetafuta risiti ya mteja anakipita bila kukiona. Kwa hiyo kila rangi ipimwe upya, hata mipaka ya visanduku vya kujazia, ambayo kiwango chake ni 3 kwa 1.

Programu ifuate kwanza mandhari ambayo mtumiaji amechagua kwenye kompyuta yake, kisha imwachie kitufe cha kubadilisha, mahali panapoonekana.