Plakete "imeisha" maana yake nini?

Bukavu ni mji wa miteremko. Ukitoka soko la Kadutu kushuka hadi barabara ya Patrice Lumumba, mguu hauachi breki. Gari la zamani lenye abiria kamili hapa hula plakete, yaani pedi za breki, kuliko gari la aina hiyohiyo linalotembea kwenye tambarare ya Ruzizi, upande wa Uvira. Na bado madereva wengi husubiri mpaka wasikie chuma kinasaga chuma ndipo wakubali kwamba plakete imeisha. Wakati huo imeshapita mwisho wake zamani, na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, nayo inaliwa.

Plakete ina sehemu mbili: bati la chuma kwa nyuma, na mbele yake tabaka la msuguano ambalo ndilo hubana diski. Katika gari dogo, tabaka jipya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Likibaki milimita 3, hesabu kwamba plakete imeisha, hata kama gari linasimama vizuri kabisa.

Kwa nini 3 na si sifuri? Kwa sababu ya joto. Tabaka nene huzuia joto la diski lisipite. Likiwa jembamba, joto linaingia kwenye bati, linafika kwenye pistoni inayoisukuma plakete, kisha kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kiwango hicho huweza kushuka hadi kama 140. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini, nawe uko katikati ya mteremko wenye watu pande zote mbili. Hapo ndipo ninapowasihi wenye magari wasingoje kelele.

Kelele yenyewe si ya kutegemea. Plakete nyingi zina kibati kidogo kinacholia kwa sauti kali zinapokaribia kuisha, ila nyingine, hasa za bei ya chini, hazina. Ukichungulia kati ya matundu ya gurudumu utaona plakete ya nje tu. Ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni, mara nyingi ndiyo inayotangulia kuisha, hasa pini za etrie (kifaa kinachobeba pistoni na kubana plakete) zikiwa zimekauka na vumbi. Vua gurudumu, tazama zote mbili.

Dalili nyingine iko kwenye kichupa cha mafuta ya breki. Plakete inavyopungua, pistoni inasogea mbele na mafuta yanaifuata, kwa hiyo kiwango kinashuka bila kuvuja popote. Wengi hujazia. Siku ya kubadilisha, pistoni ikirudishwa ndani, mafuta yale hufurika na kuharibu rangi ya gari. Kama kiwango kimeshuka, tazama plakete kwanza, kisha kama kuna mahali panapovuja.

Kubadilisha mwenyewe nyumbani kunawezekana, mradi uwanja uwe tambarare. Weka mawe nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na usifanye kazi gari likishikiliwa na kriki (jeki) peke yake: weka standi. Fungua boliti ya chini ya etrie, iinue; ukiitoa kabisa, ifunge kwa waya isining'inie kwenye bomba lake la mpira. Vumbi usilipulize, kwa maana plakete za zamani zaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Sasa angalia ngozi ya mpira inayozunguka pistoni. Kwenye gari lenye miaka mingi, hapa ndipo penye siri. Ikiwa imepasuka, maji na tope vimeingia na pistoni huenda imeshika kutu. Ukiirudisha kwa nguvu itakwama au itavuja. Mwite fundi. Ikiwa nzima, weka plakete ya zamani juu ya pistoni na uibane polepole kwa klempu, kifuniko cha kichupa kikiwa wazi. Breki za nyuma za magari mengine zina pistoni inayorudi kwa kuzungushwa, hiyo usiikandamize. Pini zisafishe, zipake grisi ya breki inayohimili joto, na grisi isiguse tabaka wala diski. Badilisha kushoto na kulia pamoja, siku hiyohiyo.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini, kwa kuwa pistoni iko mbali na plakete. Anayesahau hili huligundua akiwa tayari anateremka.

Kisha tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, upunguze mwendo kutoka kama kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kadhaa, ukiziacha breki zipoe kati ya moja na nyingine. Harufu kidogo ya kuungua mwanzoni ni kawaida. Ila gari likivuta kushoto unapofunga breki, rudi ukague upande wa kulia, maana huo ndio usioshika vizuri.