Dawa Ilipopita Njia ya Hewa: Maswali ya Wafugaji Kuhusu Koo la Mnyama

Nilimnywesha ng'ombe dawa ya minyoo kwa chupa, akakohoa sana. Siku ya pili akawa anahema kwa shida na kukataa majani. Dawa ilikuwa mbovu?

Mara nyingi dawa haina kosa, imeingia mapafuni. Nyuma ya ulimi, kwenye koromeo, njia mbili hupishana. Hewa inayotoka puani hushuka kwenye zoloto, yaani sehemu ya juu ya koo la hewa, na chakula kinachotoka kinywani hupita juu ya zoloto kuingia kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mnyama akimeza, ulimi husukuma tonge nyuma, zoloto husogea mbele, kidakatonge, kile kifuniko kidogo nyuma ya ulimi, hufunika mlango wake na pumzi husimama kidogo. Ukimwinua mdomo kuelekea mbinguni na kumshika ulimi, umemnyima nafasi ya kufanya hayo yote, na dawa hufuata njia iliyo wazi.

Nimonia ya namna hii huua, hata ukiwahi na sindano. Kuizuia ni rahisi kuliko kuitibu. Mnyweshe kichwa kikiwa kimeinuka kidogo tu, pua isipite usawa wa macho. Ingiza mdomo wa chupa au bomba la kunyweshea pembeni mwa kinywa, pale pasipo na meno, na ulimi uuache huru. Mimina kidogo kidogo, ukimpa muda wa kumeza kila mara. Akikohoa, mwachie kichwa papo hapo akishushe. Mbuzi na kondoo vivyo hivyo, tena taratibu zaidi.

Na ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa, hawezi kusimama?

Huyo usimnyweshe chochote. Kama ni homa ya maziwa, kalsiamu imepungua kwenye damu, misuli imelegea, na ile ya kumezea pia. Nimeona watu wenye nia njema kabisa wakimmiminia uji au maji ya chumvi, wakamuua mnyama ambaye angesimama baada ya kuwekewa kalsiamu kwenye mshipa. Mlaze kifua kikiwa chini, asilale ubavu, kisha mwite daktari wa mifugo.

Nitajuaje umio uko wapi?

Simama upande wa kushoto wa ng'ombe anayecheua, uangalie shingo. Utaona tonge likipanda chini ya ngozi, ng'ombe akalitafuna, kisha likashuka tena. Koo la hewa liko chini ya shingo katikati. Ukiligusa utasikia pete ngumu. Umio hauna pete, ni bomba la misuli lenye uwezo wa kusukuma chakula pande zote mbili, na ng'ombe huutumia kwa saa nyingi kila siku.

Embe zima limemkwama. Nisukume kwa fimbo?

Hapana. Fimbo hutoboa umio. Usimmiminie mafuta wala maji pia, kwa kuwa vitarudi na kuingia mapafuni. Hatari kubwa hapa ni gesi: tumbo la kwanza hutengeneza gesi muda wote, nayo hutoka kwa kubeua kupitia umio huohuo. Ukizibwa, ubavu wa kushoto huvimba, mapafu hubanwa, na mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache. Mpigie mtaalamu simu bila kuchelewa. Atapitisha mpira hadi tumboni, au atatoboa ubavu kwa kifaa maalumu ili gesi itoke. Msimu wa maembe, okota yaliyoanguka kabla mifugo haijapita.

Kuku naye ana kidakatonge?

Hana. Mlango wake wa hewa ni ufa mdogo nyuma ya ulimi, utauona ukimfungua mdomo. Kwa hiyo dawa ya kuku ni salama zaidi ikichanganywa kwenye maji anayokunywa mwenyewe.

Ng'ombe wangu anatokwa mate, hamezi, na sauti imekwaruza. Niingize mkono nitoe kilichokwama?

Swali hili naomba lisomwe na kila mtu nyumbani. Usiingize mkono. Kichaa cha mbwa hupoozesha misuli ya koo, na mnyama huonekana kama aliyekwamwa na kitu. Mate hayo yana virusi, navyo huingia kwa mchubuko mdogo tu wa kidole. Kinachonitisha ni kwamba wengi hukumbuka ugonjwa huu kwa mbwa peke yake, ilhali ng'ombe, mbuzi na punda huupata wakiumwa na mnyama mwenye kichaa.

Mtenge mnyama, usimchinje, usinywe maziwa yake, na mjulishe afisa mifugo. Kama tayari ulishaingiza mkono, uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaeleze ulichofanya, hata kama huna jeraha unaloliona. Chanjo hufanya kazi kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona.