Je, wajua kwa nini antena zilizopangwa kwenye uso uliopinda huwatoa wahandisi jasho?

Panga antena ndogo 20 kwenye bati lililonyooka, zipe umeme kwa pamoja, na mawimbi yake yataungana mbele kuwa mwali mwembamba. Kukokotoa umbo la mwali huo ni rahisi ajabu: chukua mnururisho wa antena moja (yaani jinsi inavyorusha mawimbi kila upande), zidisha kwa hesabu ya jinsi zote zilivyopangwa. Basi. Sasa zibandike antena zile zile kwenye ubavu wa ndege, uone kama kanuni hiyo itafua dafu.

Kuzidisha kule kulifaa kwa sababu antena zote zilitazama upande mmoja, kama askari kwenye gwaride. Kwenye uso uliopinda kila moja inatazama kwake. Iliyokuelekea inakupa nguvu zake zote, ya pembeni inakutupia jicho la upande, ya nyuma haikuoni. Hakuna tena antena moja ya kuziwakilisha nyingine, kwa hiyo mchango wa kila moja hukokotolewa peke yake ndipo ujumlishwe.

Halafu kuna umbali ambao kila wimbi husafiri. Chukua silinda yenye nusu kipenyo cha mita 1, na mawimbi ya gigahezi 3, yaani yenye urefu wa sentimita 10. Antena iliyo nyuzi 30 kando ya ile ya katikati imerudi nyuma sentimita 13.4 hivi, kwa hiyo wimbi lake linachelewa mzunguko mmoja na theluthi. Theluthi hiyo ndiyo ya kufidiwa. Mzunguko mzima haudhuru (ila kwa mapigo mafupi sana ya rada, ambako nao huhesabiwa). Isitoshe, sehemu ya nishati huambaa na uso wenyewe hadi upande wa kivuli, ambako kwa hesabu ya mistari minyoofu pangekuwa kimya.

Mbona basi watu hujitesa? Bati lina udhaifu wake: mwali ukiinamishwa nyuzi 60, upana wa bati unaoonekana kutoka huko ni nusu tu, nao mwali hunenepa. Duara halina tatizo hilo, maana daima kuna antena zinazokutazama. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walijenga huko Denmark mtambo wa Wullenweber wa kunasa mawimbi ya redio, antena 40 kwenye duara la kipenyo cha mita 120. Antena zilisimama tuli. Kilichozunguka ni kifaa cha kuchagua zipi zisikilize kwa zamu.