Herufi moja inapokosewa kwenye jeni ya himoglobini

Karatasi ya majibu ikiandikwa "HbAS" au "HbA2 imepanda", watu wengi huelewa jambo moja tu, kwamba kuna kitu kimekosewa kwenye damu. Mimi nataka tujue kimekosewa wapi. Himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, huharibika kwa njia kuu mbili: ama inatengenezwa ikiwa na umbo lisilo lake, ama inatengenezwa sawasawa lakini haitoshi. Ukishazitenganisha hizo mbili, majibu ya maabara huanza kusomeka.

Himoglobini ya mtu mzima (HbA) ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino (vijenzi vya protini) 141, na miwili ya beta yenye 146. Kila mnyororo umebeba hemu, na ndani ya hemu mna chembe ya chuma inayoshika oksijeni. Jeni za alfa ziko kromosomu ya 16, nazo ni nne, mbili kutoka kwa kila mzazi. Za beta ziko kromosomu ya 11, nazo ni mbili tu. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Jeni husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja. Kwenye beta, nafasi ya 6, mna GAG, inayoita asidi glutamiki. Herufi A ya katikati ikigeuka T, tunapata GTG, inayoita valini. Basi, hiyo ndiyo selimundu. (Ripoti mpya za vinasaba huandika nafasi ya 7, kwa kuwa zinahesabu na ile asidi amino ya kwanza ambayo hukatwa baadaye. Ni badiliko lilelile.)

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji, kwa hiyo inastahili kukaa juu ya uso wa protini. Valini hukwepa maji. Himoglobini hiyo yenye valini, yaani himoglobini S (HbS), ikiwa imebeba oksijeni, hakuna la ajabu. Ikishaiachia, umbo lake hubadilika kidogo, na kwenye beta ya molekuli jirani hupatikana kishimo kinachoipokea ile valini vizuri kabisa. Molekuli moja hunasa kwa nyingine, hiyo kwa ya tatu, mpaka nyuzi 14 zinasokotana kuwa kamba ngumu inayoinyoosha na kuipinda seli nzima.

Kamba hizo hazianzi papo hapo. Kuna muda mfupi wa kusubiri, na muda huo hutegemea mno ukolezi wa HbS ndani ya seli: ukolezi ukipanda kidogo tu, kusubiri hupungua mara nyingi sana. Kwa kawaida seli nyingi hupita kwenye vishipa vyembamba na kurudi kwenye mapafu kabla kamba hazijaundwa. Mgonjwa akipungukiwa maji, seli nazo hupoteza maji, HbS inakolea, na kamba zinawahi seli ikiwa bado ndani ya kishipa. Ndiyo sababu tunasisitiza maji kila siku, na si siku ya maumivu peke yake. Seli ikipinda na kunyooka mara nyingi, utando wake huchakaa, ikabaki mundu hata oksijeni ikiwepo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi kati ya 10 na 20.

Katika nafasi ileile ya 6, herufi ya kwanza ikigeuka badala ya ya katikati, GAG inakuwa AAG, na anayeitwa ni lisini. Hiyo ni HbC. Haiundi kamba, na mwenye CC, yaani C kwa wazazi wote wawili, huwa na upungufu mdogo wa damu. Lakini mwenye S kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine ni mgonjwa wa selimundu, na macho yake yanahitaji kuchunguzwa mara kwa mara.

Thalasemia ndiyo ile njia ya pili, habari ya himoglobini kutotosha. Kwenye beta, mara nyingi ni herufi moja pia: pengine inaweka alama ya kusimama kabla ya wakati, pengine inavuruga mahali pa kukatia na kuunga ujumbe wa jeni. Watu hudhani tatizo ni beta kukosekana tu. Kinachoua hasa ni alfa zilizobaki bila wenzi. Hugandamana ndani ya seli changa na kuziua zikiwa bado kwenye uboho, uboho nao hujitanua kufidia, mifupa ya uso na fuvu ikavimba. Ndiyo maana aliyerithi thalasemia ya beta pamoja na upungufu wa alfa anaweza kuwa na nafuu kuliko mwenye ya beta peke yake: alfa za ziada zimepungua.

Kwenye alfa, kwa kawaida jeni nzima hufutika. Ikikosekana moja, huioni kwenye kipimo cha kawaida. Mbili, seli huwa ndogo. Tatu, beta zinazobaki hujikusanya nne nne, ugonjwa wa HbH. Zote nne zikikosekana, himoglobini ya kijusi inashika oksijeni kwa nguvu hadi haiiachii, na mtoto huathirika akiwa tumboni. Thalasemia ya beta yenyewe husubiri kujitokeza, kwa sababu mtoto mchanga anatumia HbF, himoglobini ya tangu tumboni, yenye minyororo ya gama badala ya beta.

Sasa maabara, ambako makosa yanaumiza watu. Kipimo cha haraka cha kuyeyuka kwa HbS hakitofautishi AS (mbebaji, S kwa mzazi mmoja tu) na SS (mgonjwa, S kwa wazazi wote wawili), kinaweza kutoa jibu hasi la uongo kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na hakioni C wala thalasemia kabisa. Kwenye elektroforesisi ya alkali, kipimo kinachotenganisha himoglobini kwa umeme, S hubaki nyuma ya A kwa kuwa imepoteza chaji hasi, lakini himoglobini nyingine iitwayo D husimama palepale ilipo S, na E palepale ilipo C, hivyo kipimo cha pili ni lazima. Aliyeongezewa damu karibuni atapimwa damu ya mchangiaji pamoja na yake. Subirini kama miezi 3. HbA2, himoglobini ambayo mtu mzima huwa nayo kidogo tu, ikizidi 3.5%, fikirieni ubebaji wa thalasemia ya beta, ila upungufu wa chuma unaweza kuishusha na kuficha jibu.

Na kuna jambo dogo linalopitwa mara nyingi. Kwa mbebaji wa AS, A huwa nyingi kuliko S, ambayo huwa kama 35 hadi 40%. Ukiona S imezidi A na mtu hakuongezewa damu, usimwambie ni mbebaji tu. Huenda ana S pamoja na thalasemia ya beta, naye ni mgonjwa anayestahili kliniki. Vilevile, mbebaji wa S ambaye mwenzi wake amepata jibu hasi kwenye kipimo cha haraka bado hajajibiwa. Mwenzi akiwa mbebaji wa C au wa thalasemia ya beta, kila ujauzito una uwezekano wa 25% wa mtoto mgonjwa.