Mbalamwezi si uvivu: tunayodanganywa kuhusu kushika lengo

Nafundisha hisabati jioni, Kirumba jijini Mwanza, kwa watu wazima wanaorisiti kidato cha nne. Wanafunzi wangu ni akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, mafundi, bodaboda, na mvuvi mmoja ambaye nitamrudia. Januari darasa hufurika hadi wengine wanakalia ndoo. Ikifika Mei nabaki na theluthi. Zamani nilidhani wanaoondoka wameshindwa na hesabu. Siku hizi naona wengi wanaondolewa na maneno waliyoaminishwa kuhusu juhudi, na mengi ya maneno hayo hayana ukweli.

"Fanya siku 21 mfululizo, inakuwa tabia."

Chanzo cha hii ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akiwafanyia watu upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji si chini ya siku 21 hivi kuizoea sura mpya wanayoiona kwenye kioo. Sikiliza vizuri: si chini ya. Tena alizungumzia kuzoea pua, si kuzoea kuamka saa kumi alfajiri ukafungue daftari. Njiani yale maneno "si chini ya" yakadondoka kama dagaa kwenye gunia lililotoboka, ikabaki namba tupu.

Waliopima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji, kula tunda au kukimbia kidogo. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi jambo kujiendesha bila kusukumwa. Mwepesi kuliko wote alitumia 18. Mzito alikadiriwa kuhitaji 254, maana utafiti wenyewe uliisha kabla yake. Kunywa maji kulizoeleka haraka, mazoezi ya mwili yakachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniambia siku ya 22 kwamba "mwalimu, bado naona uzito" hana kasoro yoyote. Yuko pale watu wengi wanapokuwa.

"Ukiruka siku moja umeharibu kila kitu."

Hii ndiyo inayonimalizia darasa. Mtu anauguliwa na mtoto, anakosa vipindi viwili. Cha tatu anaona aibu. Cha nne anakatiza uchochoro wa nyuma ili tusikutane. Ukimpigia simu anakujibu, "Mwalimu, mimi nilishaharibu, nitaanza upya mwakani."

Katika utafiti uleule wa Lally, kukosa mara moja hakukuvuruga safari kwa kiasi cha maana. Lakini kwa hili hatuhitaji kwenda London. Tuna ziwa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutanguliza taa majini, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawainua. Mwezi ukipevuka, maji yote yanang'aa na taa inakosa nguvu ya kuwaita, hivyo mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa. Mgeni akipita Igombe wiki hiyo, akawakuta vijana kwenye drafti saa nne asubuhi, ataondoka akisema watu wa huku wavivu. Hakuwaona wanaoshona nyavu nyuma ya banda. Hakuona injini iliyofunguliwa vipande vipande juu ya turubai wala mtumbwi uliopinduliwa ukizibwa. Na giza likirudi, hutasikia mvuvi akisema, "Tulishakatisha, tusubiri Januari." Wanaingia majini usiku uleule.

Naomba nisieleweke vibaya. Mbalamwezi ina siku ya kwisha, na kila mtu mwaloni anaijua. Mapumziko yasiyo na siku ya kurudi ni kitu kingine kabisa, na nimeona watu wakiyaita kupumzika miaka mitatu. Ndiyo maana mwanafunzi akija kuaga simuulizi kwa nini. Namuuliza: unarudi siku gani, saa ngapi, ukitokea wapi? Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwahi na mwenzake kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika taarifa fupi kipindi cha sikukuu ya Krismasi. Baadhi waliombwa kutaja mapema wataiandika lini na wapi. Waliotaja walitimiza kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Nia walikuwa nayo wote.

"Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walithibitisha: asilimia 3 walioandika malengo walitajirika kuliko asilimia 97."

Nililipia kiingilio kusikia hii, kwa mtoa mada mwenye tai nyekundu. Hadithi inasema wahitimu wa mwaka 1953 waliulizwa malengo yao, na miaka 20 baadaye wale wachache walioyaandika walikuwa na mali kuliko wengine wote wakijumlishwa. Utafiti huo haujawahi kupatikana. Chuo chenyewe kilipoulizwa hakikuwa na kumbukumbu yoyote kwamba ulifanyika. Kuandika si kosa, hata mimi naandika. Ila nina wanafunzi wenye malengo yaliyopambwa kwa kalamu za rangi na daftari la mazoezi jeupe.

"Wenye nidhamu wana moyo wa chuma."

Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 205 nchini Ujerumani, wakiwauliza mara kwa mara kwa siku wanatamani nini na wanashindana nacho vipi. Wenye nidhamu kubwa waliripoti mashindano machache ya aina hiyo, si mengi. Inaelekea maisha yao yamepangwa wasikutane na vishawishi ovyo. Fundi mmoja wa darasani kwangu humwachia mama lishe simu yake hadi saa mbili usiku. Wenzake humcheka. Mimi natamani wangemwiga.

"Naweza kusoma huku nachati."

Mshika mbili moja humponyoka, na mtafiti Sophie Leroy alilionyesha hilo mwaka 2009: ukihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya akili yako hubaki kule ulikotoka. Sina zaidi ya kuongeza.

Sasa yule mvuvi. Anavua Igombe, na darasani kwangu huja wakati wa mbalamwezi tu, siku nane au tisa, kisha hatumwoni. Mwaka wa kwanza nilimkaripia mbele za watu kwamba hana msimamo, na nilikosea. Tarehe kwenye daftari lake zinaruka wiki mbili, tatu, kisha zinarudi, mwezi hadi mwezi, bila hata mwezi mmoja kukosekana. Wengi walioanza naye, waliokuwa wakihudhuria kila jioni, sijui hata wanaishi wapi sasa.

Juzi alikuja kuaga. Mwezi umeanza kuchelewa kuchomoza, akasema, usiku wa mwanzo una giza la kutosha kutupa wavu. Nikamkabidhi maswali 12 ya logarithimu. Akayakunja mara nne, akayatia kwenye kopo lenye mfuniko ili yasilowe, akaondoka.