Refa hakumwibia Dempsey

Wengi husema bondia Gene Tunney aliokolewa na refa katika pambano lake na Jack Dempsey huko Chicago, tarehe 22 Septemba 1927, kwa kuwa alipoangushwa alikaa chini sekunde 14 hivi. Muda huo ni kweli, wizi haukuwepo. Kanuni ilikuwa wazi: ukimwangusha mpinzani, nenda kwanza kwenye kona ya mbali isiyo ya bondia yeyote, ndipo hesabu ya refa ianze; asiyeinuka kabla ya kumi ameshindwa. Raundi ya 7, Jack Dempsey alibaki amemsimamia Tunney, aliyeketi akishika kamba kwa mkono wa kushoto. Refa Dave Barry akamwelekeza kona, kisha akaanza upya: moja. Tunney aliinuka kwenye tisa. Raundi ya 8 akamwangusha Dempsey, na mwishowe akashinda kwa pointi.